Hattie McDaniel: Makofi Alipewa, Kiti Akanyimwa

Tarehe 29 Februari 1940, Hattie McDaniel alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya Oscar. Alishinda kwa kuigiza Mammy, mtumwa wa nyumbani, katika filamu ya Gone with the Wind. Lakini hoteli ya Los Angeles ilikofanyika sherehe haikuwa ikipokea watu weusi. Ilibidi mkubwa wa filamu aombe ndio aruhusiwe kuingia. Na hata alipoingia, aliwekwa meza ya kando ukutani, mbali na waigizaji wenzake.

Huyu mama alizaliwa mwaka 1893 huko Wichita, Kansas, kitinda mimba wa familia kubwa. Wazazi wake wote wawili walizaliwa utumwani. Baba alikuwa mhubiri wa Kibaptisti, na mama aliimba nyimbo za injili. Hattie alifika Los Angeles mwaka 1931. Kazi za filamu zilikuwa chache, kwa hivyo alifanya kazi za nyumba za watu apate riziki. Akiitwa kuigiza, ni mjakazi tena. Watu weusi wengine walimlaumu, ati anawaaibisha. Lakini milango mingine ilikuwa imefungwa.

Baadaye alinunua nyumba katika mtaa wa Sugar Hill, Los Angeles. Baadhi ya majirani wazungu wakaenda kortini ili weusi wafukuzwe, wakitegemea mikataba ya ardhi iliyowakataza kuishi pale. Hattie hakuhama. Yeye na majirani zake weusi walisimama pamoja, na mwaka 1945 jaji akaitupa ile kesi. Miaka mitatu baadaye, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba korti haziwezi kutekeleza mikataba ya aina hiyo.

Alifariki kwa saratani ya matiti tarehe 26 Oktoba 1952. Alikuwa ameomba azikwe katika makaburi ya Hollywood. Wakakataa, sababu ni rangi yake, akazikwa Rosedale. Mnara wa kumkumbuka ulikuja kuwekwa pale Hollywood mwaka 1999.

Wapendwa, waliomtenga Hattie ndio hao hao waliompigia makofi. Basi tuangalie nyumbani kwetu. Yule dada anayetupikia na kutulelea watoto, tunamsifu mbele ya wageni. Lakini chakula kikiwa tayari, yeye anakulia wapi?