Obama Baba na Barua za Walimu Wake

Safari hii tumechagua maisha ya mtu ambaye wengi wanamjua juu ya mtoto wake tu. Ni Barack Hussein Obama wa Kenya, baba ya yule aliyekuwa Prezidenti wa Marekani tangu 2009 mpaka 2017. Tumemchagua juu ya swali ambalo wakubwa wa kalasa ya sita wanatuuliza kila mwaka: barua ya mwalimu, ile vyuo vya Marekani na vya fasi zingine wanadai, inapatikana namna gani? Hapa Kasapa chuo kikuu kiko mbele ya macho yetu, na mulango wake ni diploma ya Leta. Asilimia yako njo inasema. Kule ng'ambo asilimia peke yake haitoshi. Wanataka mtu mzima aliyekufundisha akushuhudie.

Huyu Obama alizaliwa katika miaka ya 1930 karibu ya Kendu Bay, ku pembeni ya ziwa Victoria, akakomalia Kogelo. Ni Mjaluo. Baba yake, Onyango, alikuwa mpishi wa Wazungu na mtu mukali sana. Mtoto alikuwa na kichwa, na wote wanaosimulia habari zake wanapatana juu ya ile. Mu 1950 akaingia Maseno, shule iliyofunguliwa na wamisionere wa Anglikana mu 1906, ni kusema shule ya Protestanti sawa yetu. Ku mwanzo walimu waliandika mema tu mu karatasi zake: kijana wa bidii, wa kutumainiwa, mwenye urafiki na watu.

Kiisha mambo yakaharibika. Alipenda mabishano, alivunja sheria za shule, akakosana na wakubwa. Mu 1953 akatoka Maseno bila kumaliza. Wengine wanasema alifukuzwa, wengine wanasema aliambiwa tu asirudie tena. Kwetu ni mamoja. Alitoka bila cheti, na bila mtu mu ile shule wa kumtetea. Wenzake waliokaa naye ku banki moja wakaendelea mpaka Makerere, na yeye akashuka Mombasa, kiisha Nairobi, kutafuta kazi ya karani. Akaoa Kezia, na mu 1958 wakazaa mtoto wa kwanza. Kwa desturi ya wakati ule habari yake ingeishia pale, na sisi tusingeandika kitu.

Lakini mu 1957 alifika Nairobi mama mmoja Mmarekani, Elizabeth Mooney. Alikuwa mtumishi wa kazi ya Frank Laubach, yule misionere aliyefundisha watu wazima kusoma mu inchi nyingi za dunia. Obama akapata kazi mu biro yake. Alipiga mashini, akapanga barua, na baadaye akaandika mwenyewe vitabu vidogo vya Kijaluo kwa watu wazima waliokuwa wanajifunza kusoma. Jina lao ni Otieno Jarieko, maana yake Otieno mwenye akili, na vilitoka mu 1959.

Hapa tukae kidogo. Mama Mooney hakuwa prefe wa shule kubwa, wala hakumfundisha mu kalasa. Lakini alimwona kila siku: anafika saa ngapi, akikosa jambo anafanya nini, kitabu anakimaliza ao anakiacha katikati. Yeye na mwenzake Helen Roberts wa California wakamsukuma asome kwa njia ya posta masomo yaliyomkosa. Akaandika kwa vyuo vingi vya Marekani, na hao wamama wakaandika vilevile kumtetea. Chuo cha Hawaii kikamkubali.

Tunawaomba mpime hapo na vile sisi tunafanya. Mwanafunzi anakuja ku biro ya prefe siku ya mwisho, karatasi mu mkono, anataka barua mbele ya saa sita. Prefe ana mamia ya watoto. Ataandika nini? Ataandika kwamba huyu ana tabia nzuri na alilipa minervali. Ile si barua ya kumpatia mtu fasi, ni atestasio tu, na hata mvivu anaipata. Barua yenye nguvu inasema kitu kimoja ambacho ni wewe tu ulikifanya, na anayeweza kukisema ni yule aliyekiona. Pengine ni mwalimu wa kemia ambaye ulibaki naye kusafisha maabara, hata kama cheo chake ni kidogo. Umwendee mapema, miezi miwili mbele, na kopi ya pointi zako, kazi ya zamani aliyokusahihishia, adresi ya chuo na tarehe ya mwisho. Umwulize kama anaweza kuandika kwa moyo wote. Akisitasita, umshukuru na utafute mwingine. Na barua akiifunga, usiombe kuisoma. Wale wanaoipokea wanaiamini zaidi kwa sababu wewe hukuiona.

Turudilie Obama. Mu mwezi wa Septemba 1959 ndege iliyotafutwa na Tom Mboya ilipeleka vijana 81 Marekani. Yeye hakupata fasi ndani. Wale wamama wawili walimsaidia feza ya safari, akafika Honolulu peke yake, mwanafunzi wa kwanza wa Afrika mu kile chuo. Kezia akabaki Kenya na mimba. Kazi ya miaka mine akaimaliza kwa mitatu, mu 1962, kati ya wa mbele kabisa. Sasa ni maprofesa wa Hawaii njo walimwandikia. Chuo kimoja cha New York kilimpa feza ya kutosha yeye na jamaa. Harvard ilimpa ya masomo tu. Akachagua Harvard juu ya jina.

Ku Harvard alifaulu mtihani mkubwa wa uchumi. Lakini wakubwa walianza kuuliza juu ya nyumba yake: bibi mu Kenya, bibi mwingine Honolulu, Ann Dunham, aliyemwoa mu 1961. Mu 1964 wakapatana na biro ya wageni asiongezewe wakati. Ile ilijulikana wazi mu 2011, karatasi za Leta zilipotolewa. Akarudi Kenya bila doktora. Walimu waliomwandikia hawakudanganya, ndivyo tunavyoona sisi. Walishuhudia kichwa na kazi, vitu walivyoviona. Mambo ya nyumba hawakuulizwa. Mwalimu mmoja wa kwetu, tulipomsomea habari hii, alisema yeye angeuliza.

Mu Kenya alianza vizuri. Mu 1965 aliandika mu gazeti East Africa Journal akipinga mpango wa uchumi wa serikali, wakati ambapo wachache walisubutu. Alitumika ku Banki Kuu, kiisha mu mambo ya utalii, akapoteza kazi. Mboya alipouawa, tarehe 5 Julai 1969, yeye alikuwa mumoja wa mashahidi mu tribinali. Pombe ikamkamata, na aksida za motokari zikafuatana. Ya mwisho ilimuua Nairobi tarehe 24 Novemba 1982. Walimzika Kogelo.

Barua zake nyingi zinachungwa mu maktaba ya Schomburg, Harlem, New York, na magazeti yalizitangaza mu 2016. Ni za tangu 1958 mpaka 1964. Ndani muna zake mwenyewe za kuomba feza, pointi za shule, na barua za maprofesa na marafiki wanaomsifu. Mu zile alizoandika yeye, hata mu fomu za kuomba burse, bibi wa Honolulu hatajwi fasi yoyote, wala mtoto aliyezaliwa kule tarehe 4 Agosti 1961.