Ibn al-Haytham, Aliyeufundisha Ulimwengu Namna Jicho Linavyoona

Msomaji mpenzi, kila mwenye macho hudhani kwamba kuona ni jambo jepesi. Hufumbua macho, na nyumba iko mbele yake. Ahitaji nini zaidi? Lakini hebu simama katika mlango wa msikiti mrefu wenye safu mbili za nguzo, kisha tazama mbele. Nguzo za mwisho zitaonekana fupi kuliko zile zilizo karibu nawe, na safu zote mbili zitaonekana kana kwamba zinakaribiana kadiri zinavyokwenda mbali. Hata hivyo hutasema kwamba mjenzi amekosea, wala hutaogopa kwamba ukifika mwisho utabanwa katikati yake. Jicho limekuambia neno moja, nawe umejua neno jingine. Ni nani basi aliyekujulisha?

Swali hilo lilijibiwa yapata miaka elfu moja iliyopita na mwanachuoni wa Kiislamu, Abu Ali al-Hasan ibn al-Hasan ibn al-Haytham, ambaye watu wa Ulaya walimwita Alhazen. Maisha yake yana mafunzo si kwa wanafunzi wa fizikia peke yao, bali kwa kila atazamaye jengo na kutaka kujua kwa hakika ni kitu gani anachokitazama.

Ibn al-Haytham alizaliwa katika mji wa Basra, nchi ya Iraki, karibu na mwaka 965, yaani mwaka 354 wa Hijra. Katika zama hizo vitabu vingi vya Wayunani vilikuwa vimekwisha fasiriwa kwa Kiarabu, na kijana mwenye hamu ya elimu aliweza kusoma handasa ya Euclid, falaki ya Ptolemy, tiba ya Galen na falsafa ya Aristotle katika lugha yake mwenyewe. Yeye alivisoma vyote. Lakini hakuvisoma kama msikilizaji anayeitikia kila neno. Katika kitabu alichokiandika baadaye juu ya mashaka yaliyomo katika maandishi ya Ptolemy, alieleza kwamba mtafutaji wa haki hafai kuwategemea watu wa kale kwa sababu ya ukubwa wa majina yao. Yampasa kuyapima maneno yao kwa hoja, na pia kuishuku nafsi yake mwenyewe anapoyapima, ili asiwaonee wala asiwapendelee.

Sifa zake zilifika Misri, ambako alitawala Khalifa wa Kifatimiya al-Hakim, tangu mwaka 996 mpaka mwaka 1021. Mwanahistoria al-Qifti, aliyefariki mwaka 1248, amesimulia kwamba Ibn al-Haytham alikuwa amesema kwamba lau angalikuwa Misri angalifanya kazi katika mto Naili ili maji yake yawafae watu wakati wa mafuriko na wakati wa upungufu pia. Jambo hilo halikuwa dogo. Mto Naili, ambao sehemu ya maji yake hutoka katika ziwa Victoria hapa kwetu, na wingi wa mafuriko yake hutoka katika milima ya Uhabeshi, ndio uhai wa Misri. Maji yakizidi huleta hasara, na yakipungua huleta njaa. Khalifa alipoyasikia maneno hayo alimwita, akampokea kwa heshima, akampa mafundi na mahitaji yote, akamtuma kwenda kusini.

Basi, msomaji, tafakari hali ya msafiri huyu. Amebeba ahadi kubwa mbele ya mtawala ambaye ukali wake ulijulikana na kila mtu, na ambaye hakuna aliyeweza kubashiri ghadhabu yake. Njiani akayaona majengo ya Wamisri wa kale, yaliyojengwa kwa ustadi mkubwa wa handasa, mawe makubwa yakiwa yameunganishwa kwa vipimo visivyokosea. Wasafiri wengi walikwisha kuyatazama majengo hayo kabla yake, wakastaajabu, wakapita. Yeye aliyatazama kwa namna nyingine. Alijiuliza ni watu wa elimu gani waliojenga hivi, na jibu lilimtia hofu. Watu walioweza kupima na kujenga namna ile hawakukosa akili ya kuufikiria mto uliokuwa ukipita mbele ya milango yao. Kama kazi aliyoiahidi ingaliwezekana kwa zana za wakati ule, wao wangalikwisha kuifanya.

Hata hivyo hakurudi kwa kukisia tu. Aliendelea hadi mahali paitwapo al-Janadil, kusini ya Aswan, ambapo maji hupita penye mawe, akapakagua pande zote. Akaona kwamba mahali pale hapakufaa kwa kusudi lake. Njia ya salama kwake ingalikuwa kuanza kazi, kutumia mali ya Khalifa miaka na miaka, na kuwatupia mafundi lawama. Lakini alirudi Kairo akakiri kwamba haiwezekani. Zilipita karne tisa kabla bwawa la kwanza la Aswan kukamilika mwaka 1902, na bwawa kubwa likakamilika mwaka 1970, kwa mitambo na saruji ambavyo mtu wa zama zake hakuweza kuviota.

Kwa mujibu wa simulizi hiyo hiyo, Khalifa hakumwadhibu mara moja, bali alimpa kazi katika idara ya serikali. Ibn al-Haytham akaipokea kwa kuogopa, kisha akaona kwamba hatapata amani karibu na mtu kama yule. Akajifanya mwenda wazimu. Mali yake ikawekwa chini ya uangalizi, naye akafungiwa nyumbani mwake, akadumu katika hali hiyo mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Ndipo akaidhihirisha akili yake, akakaa karibu na mlango wa msikiti wa Al-Azhar, akajipatia riziki kwa kunakili vitabu vya hesabu na falaki. Yasemekana kwamba nakala alizoandika kwa mwaka mmoja zilimpatia dinari 150, naye akatosheka nazo kwa chakula cha mwaka mzima. Ndivyo alivyoishi mpaka alipofariki, karibu na mwaka 1040.

Katika miaka hiyo ya Misri ndipo alipoandika kitabu chake kikubwa, Kitab al-Manazir, chenye sehemu saba, juu ya nuru na kuona. Kabla yake wataalamu walikuwa wamegawanyika. Euclid na Ptolemy walifundisha kwamba miali hutoka katika jicho ikaenda kuvigusa vitu, kama mtu anyoshaye mkono. Wafuasi wa Aristotle walisema kwamba sura za vitu ndizo zinazolijia jicho, lakini hawakuweza kueleza kwa handasa namna mlima mzima unavyoingia katika mboni ndogo. Ibn al-Haytham alionyesha kwamba atazamaye jua huumia macho. Nuru basi ndiyo ijayo, haitoki ndani. Kisha akapanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza. Kila taa ikatupa doa lake la mwanga ukutani, na kila alipoifunika taa moja, doa lake peke yake likatoweka. Kwa hiyo nuru hupita katika mstari ulionyoka, na nuru nyingi hupita katika tundu moja bila kuchanganyikana. Ikiwa ni hivyo, basi kutoka kila nukta ya jengo nuru huweza kulifikia jicho katika umbo la pia, ambayo ncha yake iko jichoni na kitako chake kiko juu ya kitu kinachoonekana.

Wengine wangaliishia hapo, lakini Ibn al-Haytham alikwenda mbele zaidi. Aliona kwamba nuru ikishafika jichoni, kazi ya kuona bado haijaisha. Jicho peke yake hupokea nuru na rangi tu. Ukubwa, umbali, umbo na uzuri hujulikana kwa akili, ambayo hulinganisha, hukumbuka na kukata shauri kwa upesi mno hata mtu asitambue kwamba amehukumu. Mlango ulio mbali huchukua jichoni pembe ndogo kuliko kidole chako ulichokinyosha mbele ya uso, lakini hukusema hata siku moja kwamba mlango ni mdogo kuliko kidole. Akili imeitazama pembe, ikaupima na umbali, ndipo ikatoa hukumu.

Na umbali wenyewe hupimwa kwa nini? Hapa jibu lake lawafaa sana wajenzi. Alisema kwamba mtu huujua umbali kwa ardhi iliyotandazwa baina yake na kitu, na kwa vitu vilivyopangwa juu yake. Tangu utotoni tumeipima ardhi kwa nyayo na kwa urefu wa mikono yetu. Kwa hiyo mwili wa binadamu ndio kipimo cha kwanza cha kila jengo. Ardhi ikifichwa, kipimo hupotea. Alitoa mfano wa mtu achunguliaye katika tundu akaona kuta mbili, moja nyuma ya nyingine, na ardhi iliyo kati yake haionekani: atadhani kuta hizo zimegusana, hata kama pana nafasi kubwa baina yake. Kwa njia hiyo alieleza pia kwa nini mwezi unaochomoza huonekana mkubwa kuliko ulio juu kichwani. Mwezi haukuongezeka, ni akili iliyokosea kuukadiria umbali wake.

Tena alitofautisha kutupa jicho na kutazama kwa kuzingatia. Mwenye kutupa jicho hukitambua kitu kwa alama chache azijuazo, na mara nyingi hukosea. Mwenye kuzingatia hulizungusha jicho juu ya kila sehemu mpaka sura kamili ithibitike moyoni mwake. Alitaja na masharti ya kuona kuliko sahihi, miongoni mwake umbali wa kiasi, mwanga wa kutosha, wakati wa kutosha na uzima wa jicho. Sharti moja likivunjika, makosa huingia. Ndiyo sababu umbo la mraba likiwa mbali sana huonekana la duara. Hata uzuri aliuweka katika mizani hiyo. Nakshi nyembamba haionekani uzuri wake ila kwa karibu, na kuna sura ambazo uzuri wake hukamilika kwa mbali, pale kasoro ndogo zinapofichika. Na juu ya yote kuna uwiano wa sehemu, kwani sehemu nzuri zikiunganishwa bila ya kulingana hazileti kitu kizuri.

Kitabu hiki kilifasiriwa kwa Kilatini karibu na mwisho wa karne ya 12 au mwanzo wa karne ya 13, na katika karne ya 14 kikatiwa katika lugha ya Kiitalia. Mchongaji Lorenzo Ghiberti wa Florence alichukua mengi kutoka humo katika maandishi yake. Katika mji huo huo, mwanzoni mwa karne ya 15, Filippo Brunelleschi alichora jengo la ubatizo lililo mbele ya kanisa kuu, akatoboa tundu katika ubao wa picha, ili mtazamaji achungulie kwa nyuma na kuiona picha katika kioo kana kwamba analiona jengo lenyewe. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti akaandika kanuni za uchoraji wa namna hiyo, akitumia ile pia ya kuona ambayo ncha yake iko jichoni. Mpaka leo msanifu wa majengo huchora kwa kanuni hizo nyumba isiyojengwa bado, na mwenye mali huitazama akairidhia.

Lakini angalia, msomaji, kilichochukuliwa na kilichoachwa. Picha ya Brunelleschi hutaka jicho moja, limetulia mahali pamoja, mbele ya tundu. Ibn al-Haytham alifundisha juu ya macho mawili yanayotembea, na akili inayokumbuka. Nyumba iliyo nzuri katika karatasi, ikitazamwa kutoka mahali ambapo hakuna mtu atakayesimama, huenda ikawaelemea watakaoingia kwa miguu. Kuta zake zikiificha ardhi, watu hawatajua ukubwa wake. Nayo ikikosa kitu chochote kilicho sawa na kimo cha mtu, wataiona ama kubwa mno ama ndogo mno. Mchoro una faida yake, lakini hautoshi kuwa shahidi peke yake.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliadhimisha mwaka wa kimataifa wa nuru, na jina la Ibn al-Haytham likatajwa kwa heshima katika nchi nyingi. Heshima hiyo ni haki yake. Lakini atakayemheshimu zaidi ni yule atakayefuata mwendo wake. Ukipewa kuhukumu juu ya jengo, liwe msikiti, shule au nyumba ya jirani, usitoe hukumu kutoka mahali pamoja na kwa mtupo mmoja wa jicho. Lizunguke, lisogelee, kaa mbali nalo, ingia ndani kwa miguu yako, kisha sema. Na ikiwa ulichokiona kinakulazimisha kukiri mbele ya mkubwa kwamba ahadi yako haiwezekani, mkumbuke msafiri yule aliyerudi kutoka Aswan mikono mitupu, akiwa amebeba neno la kweli peke yake. Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye afya na akili zenye kupima kwa haki. Amin.