Claude Monet na Bwawa la Yungiyungi

Claude Monet alikuwa mchora picha wa Ufaransa. Alizaliwa mjini Paris tarehe 14 Novemba 1840, akakulia Le Havre, mji wa pwani. Huko mchoraji Eugène Boudin alimfundisha kuchora nje penye jua, ili auone mwanga jinsi unavyogeuka juu ya maji.

Hata mwaka wa 1874 yeye na rafiki zake wakaonyesha picha zao Paris. Watu wengi waliwacheka, wakidhani kazi zile hazikumalizika. Katika miaka ile Monet alisongwa na madeni, na mwaka wa 1879 mkewe Camille akafariki.

Mwaka wa 1883 alihamia kijiji cha Giverny, karibu na mto Seine. Picha zake zilipopata wanunuzi, akanunua kiwanja ng'ambo ya reli mwaka wa 1893, ili achimbe bwawa na kuliingizia maji ya kijito. Majirani walinung'unika, kwa kuwa walihofu kwamba mimea migeni itaharibu maji yao. Lakini ruhusa ilipatikana, naye akapanda yungiyungi na kujenga daraja la namna ya Kijapani. Bwawa hilo alilichora asubuhi na jioni, mwaka hata mwaka.

Kisha taabu zikamjia. Mkewe wa pili, Alice, alikufa mwaka wa 1911, na mwanawe Jean mwaka wa 1914. Tena mwaka wa 1912 waganga walimwambia kuwa ana mtoto wa jicho. Rangi zikamfifilia, hata akawa hana budi kuzitambua kwa majina yaliyoandikwa juu yake. Hata hivyo, siku za vita kuu alianza picha kubwa sana za bwawa lake. Tarehe 12 Novemba 1918, siku ya pili baada ya vita kusimama, alimwandikia rafiki yake Georges Clemenceau, Waziri Mkuu, akiahidi kulipa taifa picha mbili. Ahadi ile ikazidi kukua.

Mwaka wa 1923 alipasuliwa jicho. Mwaka wa 1925 alikata tamaa, akataka kuivunja ahadi. Clemenceau akamkasirikia sana. Basi akashika tena kazi. Lakini hakukubali picha ziondoke kwake akiwa hai. Alifariki tarehe 5 Desemba 1926.

Mwezi wa Mei 1927 zilifunguliwa kwa watu katika Orangerie, mjini Paris, nyumba iliyojengwa mwaka wa 1852 kuhifadhi michungwa wakati wa baridi. Ni picha nane katika vyumba viwili vya umbo la yai, zenye kimo cha meta 2, na urefu wa zote pamoja wakaribia meta 100. Katika miaka ya 1960 orofa iliyojengwa juu yake iliziba mwanga. Mwaka wa 2006, baada ya matengenezo, mwanga wa mchana ukarudishwa. Mwenyewe hakuziona zikiwa ukutani pale. Lakini wazitazamao huziona zikigeuka kwa kadiri jua linavyogeuka, kama alivyofundishwa ujanani mwake.