Richard Henry, aliyewavusha ndege kwa mashua ya makasia

Kusini mwa New Zealand kuna mto unaoitwa Clinton. Unashuka kwa kasi kutoka milimani na kuingia Ziwa Te Anau. Kandokando yake yamepangwa maboksi ya mbao, na ndani ya kila boksi mna mtego wa chuma na chambo, yai au nyama ya sungura. Askari wa uhifadhi huyapitia moja baada ya jingine. Humtoa mnyama aliyenaswa, huweka chambo kipya, husonga mbele. Wanamlinda bata wa mtoni aitwaye whio, jina ambalo Wamaori walimpa kwa kufuata mluzi wa dume lake. Whio waliobaki nchini humo hawafiki 3,000.

Adui yao mkubwa ni stoti, mnyama mdogo mwembamba, wa ukoo mmoja na kicheche wetu. Jike la whio hutaga ukingoni mwa mto, kwenye shimo au chini ya gogo, na hulalia mayai kwa zaidi ya mwezi mmoja. Humo ndimo stoti humkuta, akala mayai na mama mwenyewe. Ndiyo maana mito isiyo na mitego huishia kuwa na madume wengi na majike wachache.

Sasa, ndugu msikilizaji, zaidi ya miaka 100 iliyopita kwenye ufuko wa ziwa hilohilo aliishi mtu aliyeuona msiba huu ukija. Jina lake Richard Henry.

Alizaliwa Ireland mwaka 1845, akapelekwa Australia angali mtoto, na utu uzima wake akauishi New Zealand. Hakuwa msomi wa chuo. Alikuwa fundi wa mikono: alijenga mashua, aliwinda sungura, alikausha ngozi za ndege za makumbusho. Miaka ya 1880 alijenga nyumba yake Te Anau, na muda uliobaki aliutumia porini akitazama ndege.

Hapo lazima tueleze kidogo. Kabla ya binadamu kufika, New Zealand haikuwa na mnyama wa nchi kavu anayenyonyesha, ila popo. Ndege waliishi kwa amani hadi baadhi yao wakaacha kuruka. Kakapo, kasuku mkubwa wa kijani mwenye uzito wa kilo mbili au zaidi, hutembea kwa miguu. Akiona hatari husimama tuli. Mbinu hiyo ilimfaa dhidi ya tai, anayewinda kwa macho. Dhidi ya mnyama anayefuata harufu, ni kujikabidhi.

Wazungu walileta sungura, sungura wakazaliana na kumaliza malisho ya kondoo. Wafugaji wakapiga kelele, na serikali ikaagiza wanyama wa kuwala sungura, stoti akiwamo. Wataalamu wa ndege walionya. Hawakusikilizwa. Yeyote aliyefuga kuku angeweza kuwaambia: kicheche akiwa na njia mbili, ya kumkimbiza sungura na ya kuingia bandani, atakwenda bandani. Henry aliona ndege wakipungua kuzunguka Te Anau, mwaka hadi mwaka.

Serikali ilikuwa imetenga kisiwa cha Resolution, chenye ukubwa wa zaidi ya ekari 50,000, kiwe makimbilio ya ndege. Mwaka 1894 Henry aliajiriwa kuwa mtunzaji wake. Alikuwa na umri wa karibu miaka 50. Alijenga nyumba kwenye kisiwa kidogo cha jirani, mahali penye mvua karibu kila siku na visubi wasiomwacha mtu apumue. Meli ya mahitaji ilikuja mara chache.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Henry alivuka kwenda bara kwa mashua, akapanda msituni na mbwa aliyefungwa mdomo ili asimjeruhi ndege. Mbwa alinusa, Henry akamkamata kakapo au kiwi kwa mikono, akamtia kwenye kizimba, akambeba hadi ufukweni, akapiga makasia hadi kisiwani na kumwachia. Kisha akarudi kutafuta mwingine. Mwanzoni alikuwa na msaidizi, lakini muda mwingi alibaki peke yake. Alihamisha ndege zaidi ya 500. Na hakuacha kuandika aliyoyaona: alitambua kwamba kakapo hazai kila mwaka, jambo ambalo watafiti wa leo bado wanapanga kazi zao kwa kulifuata.

Mwaka 1900 watalii waliopita kwa meli walisema wameona mnyama kama stoti akimkimbiza ndege ufukweni Resolution. Henry hakutaka kuamini. Baadaye mwaka huohuo alimwona kwa macho yake. Kutoka bara hadi kisiwani, pale palipo karibu zaidi, ni chini ya kilomita moja, na stoti anaogelea. Henry aliweka mitego, hakumpata. Kwenye kisiwa kikubwa namna ile, chenye milima na msitu mnene, mtu mmoja angefanya nini?

Hata hivyo alibaki hadi 1908. Mimi hiyo miaka minane ndiyo inayonishangaza kuliko ile ya mwanzo. Baadaye alitunza kisiwa cha Kapiti, kisha akastaafu. Alifariki Auckland mwaka 1929, na inaelezwa kwamba mazishini alihudhuria mtu mmoja tu, mkuu wa posta.

Kakapo wa Resolution waliangamia wote. Lakini mwaka 1975 watafiti walimpata dume mzee milimani Fiordland, eneo lilelile, wakampa jina la Richard Henry. Walimhamishia kisiwani kusikokuwa na stoti, kwa njia ileile ya mzee, ila sasa kwa helikopta. Miaka ya 1990 alipata vifaranga watatu na jike kutoka kisiwa cha Stewart. Alikufa mwaka 2010. Na kule Resolution, mitego ya stoti ilianza kuwekwa kisiwa kizima mwaka 2008, miaka 100 kamili tangu Henry aondoke.