Alberto Vojtěch Frič: mpenzi wa mimea ya jangwani aliyeshindwa na baridi mara mbili

Mpungate wengi wetu tunaujua. Ni ule mmea wa miiba wenye mashina bapa kama sahani, ambao watu huupanda kuwa ua, na ambao katika sehemu kavu kama Laikipia nchini Kenya umekuwa kero kwa wafugaji. Asili yake ni Amerika. Upo katika jamii kubwa ya mimea inayoitwa dungusi kakati, au kakati kwa kifupi.

Mpungate hukua haraka. Lakini ndugu zake wengi wa jangwani hukua polepole mno. Ukipanda mbegu leo, baada ya mwaka mzima mche wako unaweza kuwa na ukubwa wa punje ya mahindi tu, na ua la kwanza utalingoja miaka mingi. Hata hivyo, duniani kote kuna watu wanaoilea mimea hiyo kwa mapenzi tu, bila kutarajia kuila wala kuiuza.

Leo tunasimulia maisha ya mmoja wao, Alberto Vojtěch Frič, ambaye jina lake linajulikana na karibu kila mpenzi wa kakati barani Ulaya.

Kijana na vyungu vyake

Frič alizaliwa tarehe 8 Septemba 1882 katika mji wa Prague, ambao leo ni mji mkuu wa Ucheki. Alitoka katika ukoo mashuhuri wa wasomi. Yeye mwenyewe, tangu akiwa mwanafunzi, moyo wake ulikuwa kwenye kakati. Alizikusanya na kuzisoma hadi watu wazima wakawa wanamwendea kijana huyo awatambulishie majina ya mimea yao.

Kisha yakaja majira ya baridi makali. Mkulima wa viazi au chai wa nyanda za juu, aliyewahi kuamka akakuta umande umeganda shambani, anajua jambo hili. Maji yaliyomo ndani ya mmea yakiganda, hupasua nyama yake, na jua likitoka mmea hulegea na kuoza. Kakati imejaa maji, kwa hiyo huumia zaidi. Sehemu kubwa ya mkusanyiko wa Frič ilikufa.

Kwa mimea inayokua polepole hasara ya namna hiyo hailipiki msimu unaofuata, maana kilichopotea ni miaka. Wengi wangeacha, lakini Frič aliamua kwenda kuziona kakati kwao. Mwaka 1901, akiwa na umri wa miaka 18, alipanda meli kwenda Brazil.

Jagwa, wenyeji na minyoo ya safura

Safari hiyo ilimpa zaidi ya mimea. Alishambuliwa na jagwa, mnyama mkubwa anayefanana na chui, akaumia vibaya lakini akapona. Alikutana pia na wenyeji wa asili wa Amerika ya Kusini, na kuanzia hapo maisha yake yakagawanyika kati ya kakati na watu hao. Alirudi huko mara kadhaa, akaishi na jamii za eneo la Chaco nchini Paraguay, akajifunza lugha zao na kukusanya vifaa vyao kwa ajili ya majumba ya makumbusho ya Ulaya.

Mwaka 1908, katika mkutano wa wataalamu mjini Vienna, alisimama na kueleza jinsi walowezi wa Kizungu kusini mwa Brazil walivyokuwa wakiwaua wenyeji ili wachukue ardhi. Ukweli huo ulimgharimu, kwani alipoteza kazi aliyokuwa akifanyia makumbusho ya Ujerumani.

Wakati huohuo, watu wa kabila la Chamacoco, rafiki zake wa Chaco, walikuwa wakifa kwa ugonjwa usiojulikana. Frič alimchukua mmoja wao, Cherwuish, akaenda naye Prague. Madaktari wakagundua kwamba ni minyoo ya safura, ugonjwa ambao hata sisi tunaujua, na dawa ikapatikana. Frič akamrudisha Cherwuish nyumbani akiwa na dawa ya watu wake.

Nyota iliyopotea

Mwaka 1923 Frič alikwenda Mexico. Huko aliikuta kakati ambayo wataalamu wa Ulaya walikuwa wameipoteza kwa takriban miaka 80, yaani Astrophytum asterias. Ni mmea mdogo wa mviringo, uliobonyea kama kibuyu kilichokatwa, usio na miiba, na wenye madoa meupe. Ukiutazama kwa juu, mistari yake huugawa kama nyota. Wakati wa kiangazi husinyaa hadi ukawa sawa na udongo, na mtu anaweza kuukanyaga asiuone. Mvua ikinyesha huvimba na kutoa ua la njano lenye moyo mwekundu.

Ugunduzi huo uliwasisimua wapenzi wa kakati. Lakini lazima tuseme na upande wa pili. Zama hizo kakati ziling'olewa porini na kupelekwa Ulaya kwa wingi, na Frič naye alikuwa miongoni mwa waliozikusanya na kuziuza. Mmea unaochukua miaka mingi kukua hauwezi kuhimili jembe la namna hiyo. Leo kakati hiyo ya nyota iko hatarini kutoweka kwao, katika mpaka wa Mexico na Texas, na biashara ya kimataifa ya iliyong'olewa porini imepigwa marufuku. Anayeitaka huianzisha kwa mbegu na kungoja, au huibebesha juu ya kakati inayokua haraka, kama tunavyobebesha miembe na michungwa.

Baridi ya pili

Frič alijenga maisha yake katika nyumba yake mjini Prague, akiwa na nyumba ya vioo iliyojaa kakati. Aliandika makala na vitabu, na akawafanya Wacheki wengi wapende mimea hiyo. Hadi sasa Ucheki ni miongoni mwa nchi za Ulaya zenye wakuzaji hodari wa kakati.

Mwaka 1939 majeshi ya Ujerumani ya Hitler yaliikalia nchi yake. Majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa makali sana, na vitu vya kuwasha moto vilikuwa haba. Nyumba ya vioo ikapoa, na mkusanyiko wa miaka mingi ukaganda. Yaliyompata akiwa kijana yalimpata tena akiwa mzee, na safari hii hapakuwa na meli ya kupanda.

Katika miaka ya vita alifuga sungura. Siku moja alijikwaruza kwa msumari wenye kutu kwenye banda lao. Kidonda kilikuwa kidogo, lakini kilimletea pepopunda. Alifariki tarehe 4 Desemba 1944, akiwa na umri wa miaka 62. Jagwa alishindwa kumuua, akauawa na mkwaruzo wa msumari. Ndiyo maana hata leo tunakumbushana: kidonda cha msumari kioshwe mara moja kwa maji na sabuni, na mtu aende kituo cha afya kuulizia chanjo ya pepopunda.

Mimea yake mwenyewe haikubaki. Kilichobaki ni watu aliowafundisha kupenda kitu kisicho na haraka. Katika nyumba nyingi za Ulaya leo, chunguni dirishani, iko nyota ndogo ya kijani iliyopandwa kwa mbegu, na mwenyewe anaingoja ichanue.