Charlie Chaplin: Mhamiaji aliyesimulia mapenzi bila kutamka neno

Sisi tuliozoea mipaka tunajua kuwa jicho na mkono huelewana kabla lugha haijapatikana. Marehemu Charlie Chaplin aliifanya elimu hiyo kuwa riziki yake, ndiyo maana leo namleta kwenu.

Alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1889. Mama yake, mwimbaji wa jukwaani, aliugua akili, na Charlie akaingizwa katika nyumba ya mafukara akiwa na umri wa miaka saba. Mwaka 1910 alivuka bahari na kundi la wachekeshaji la Fred Karno, na kufikia mwaka 1914 alikuwa anacheza filamu Marekani. Mwaka uliofuata alimpata Edna Purviance, msichana wa Nevada, wakacheza pamoja filamu zaidi ya 30. Kwa muda walikuwa wapenzi hata nje ya kamera.

Kwangu mimi, filamu yao bora ni The Immigrant ya mwaka 1917, isiyofika nusu saa. Wanakutana melini, wote wahamiaji. Mama wa msichana ameibiwa pesa. Charlie, aliyeshinda kamari, anamtilia noti mfukoni kwa siri, kisha anajifikiria na kuchomoa chache za kwake. Mlinzi anamkamata akidhani ni mwizi, msichana anamwokoa. Hapo mapenzi yameshaanza na hakuna aliyetamka kuwa anapenda.

Mjini wanakutana tena hotelini. Charlie anamwagizia chakula, halafu anagundua sarafu yake imedondoka kwenye tundu la mfuko. Katikati ya kichekesho hicho anaiona leso ya msichana yenye ukingo mweusi, anatambua kwamba mama amefariki. Uso wake unabadilika, na mtazamaji anajua kila kitu. Mwishoni, mvua ikinyesha, anambeba msichana mwenye haya hadi ndani ya ofisi ya vibali vya ndoa.

Nadhani siri yake ni hii: hakuonyesha mapenzi kwa kukumbatiana, bali kwa kile ambacho maskini yuko tayari kumpa mwenzake.

Nje ya filamu mapenzi yao hayakufika kwenye ndoa. Hata hivyo, Chaplin aliendelea kumlipa Edna mshahara hadi alipofariki mwaka 1958, miaka mingi baada ya kuacha kumchezesha.

Mwaka 1952, Chaplin akiwa melini kuelekea London, Marekani ilifuta kibali chake cha kurudi, kwa tuhuma za kuwaunga mkono wakomunisti. Aliyeigiza mhamiaji akageuzwa mkimbizi. Alihamia Uswisi na mkewe Oona na watoto wao. Alikanyaga tena Marekani mwaka 1972, kupokea tuzo ya heshima ya Oscar. Alifariki Uswisi siku ya Krismasi, mwaka 1977, akiwa na umri wa miaka 88.