Mwana wa Mfua Visu

Kila ninapofunza uundaji wa istilahi, humkumbuka Mfaransa mmoja ambaye hakuona haya kwenda kuyatafuta maneno karakanani. Huyo ni Denis Diderot, aliyezaliwa mwaka wa 1713 mjini Langres. Babake alikuwa mfua visu, hodari wa kutengeneza vifaa vya upasuaji. Nadhani ni pale ambapo kijana alitambua kuwa ustadi wa mkono nao ni elimu.

Mwaka wa 1749 alifungwa gerezani Vincennes kwa ajili ya maandishi yake kuhusu vipofu. Alipotoka, aliendelea kushika usukani wa ile Ensaiklopidia mashuhuri, iliyotolewa baina ya 1751 na 1772: juzuu 17 za maandishi na 11 za michoro. Yeye na wenzake waliwaendea mafundi, wakawauliza majina ya zana na namna zinavyotumika. Lugha ya karakana ikaingia katika kitabu cha wasomi, jambo ambalo watunzi wa kamusi zetu wangali wanalisitia.

Kisha likaja pigo. Mnamo 1764 aligundua kwamba mchapishaji wake, Le Breton, kwa kuihofia serikali, alikuwa ameyafyeka maandishi kisirisiri. Hati asilia zilikuwa zimekwisha kuharibiwa. Alighadhabika mno, lakini kazi akaikamilisha. Hapo ndipo ninapomstahi zaidi.

Tangu 1759 aliandika pia juu ya maonyesho ya picha huko Louvre, kwa wasomaji wachache wa nchi za mbali ambao hawakuziona picha zenyewe. Aliamini kuwa sanaa yapasa kuufanya wema upendeze. Ndiyo maana alimsifu Greuze, mchoraji wa wazee wagonjwa wanaouguzwa na watoto wao. Mimi naona Greuze alizidisha machozi. Chardin, ambaye Diderot alimpenda vilevile, alichora sufuria, samaki na matunda, na utulivu wake unafunza zaidi.

Diderot hakuwa malaika. Ndoa yake ilikuwa na dosari nyingi. Hata hivyo, alijua kujicheka. Katika insha moja anasimulia alivyopata joho jipya la kuvaa nyumbani. Ghafla kila kitu chumbani kikaonekana duni, akabadilisha kimoja baada ya kingine, akaishia kulijutia joho lake kuukuu.

Ili bintiye apate mahari ya kwenda nayo kwa mumewe, kama ilivyokuwa desturi yao, aliiuza maktaba yake mwaka wa 1765. Malkia Catherine wa Urusi aliinunua, akamwachia na kumlipa mshahara wa kuitunza. Alipofariki Paris mwaka wa 1784, vitabu na miswada vilipelekwa St Petersburg. Riwaya yake kuhusu mpwa wa Rameau ilichapishwa kwanza mwaka wa 1805, tena kwa Kijerumani, katika tafsiri ya Goethe. Wafaransa walikuwa bado hawajaisoma.